Matope ya Bustani ya Mama Kulwa

Kabula mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, kwa sababu mchana huu nimekuona ukila ugali kwa mlenda na kuomba uongezewe, na hali yangu mimi unaijua. Umetoka hapa muda si mrefu kwenda kumuaga Mama Kulwa. Mama yako yuko nyuma anakaanga karanga zako za safari. Mimi nimejifungia sebuleni na kalamu, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kuandika, na nataka nimalize kabla hujarudi ili nikupe mkononi leo hii, kabla hujafunga mizigo yako.

Mambo ya sweta, ya michembe, viazi vyetu vya kukausha, iliyofungwa kwenye gazeti, ya kupiga simu kila Jumapili baada ya misa, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho stendi mpaka kondakta akasirike. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima. Kila nikikukuta peke yako nafungua kinywa, halafu najikuta nazungumzia matairi ya mabasi.

Ni lile deli lako dogo la bluu, lile kama la wauza barafu, lenye chupa za matope. Liko chini ya kitanda cha mama yako, limefungwa kamba. Kesho unatakiwa kupanda nalo basi mpaka Dar es Salaam, kisha ndege, na huko ng'ambo walimu wako wanalisubiri kama wanavyokusubiri wewe. Mwanangu, nataka kukuomba uliache. Haya, nimeliandika, na sasa naweza kueleza.

Nisipoeleza utadhani baba yako ameogopa maneno ya watu. Niliwahi kuyaogopa, na ndiyo yaliyotufikisha hapa, lakini hilo nitalifikia.

Ulikuwa bado hujaanza shule nilipokuwa nachomea dhahabu pale nyuma ya jiko. Nilikuwa narudi kutoka mwaloni, kule tulikooshea mchanga wa dhahabu, na donge nililolikamua kwenye kitambaa, zebaki na dhahabu zimeshikana, naliweka kwenye kopo juu ya mkaa, napuliza, moshi unapanda, zebaki inakwenda zake na dhahabu inabaki. Mama yako alikuwa akinigombeza, nami nilikuwa namwambia kwamba wanaume wote wa mwaloni wanachomea nyumbani kwa sababu mwaloni kuna wezi. Wewe ulikuwa unachuchumaa kando yangu. Siku moja ukaniuliza, "Baba, ule moshi unakwenda wapi?" Nikakujibu, "Unaisha." Nilikuwa na haraka, mnunuzi alikuwa ananisubiri barabarani.

Ulinisimulia mwenyewe mwaka jana kwamba kwenye usaili wa kwenda kusoma ng'ambo walipokuuliza kwa nini unataka kusomea mambo haya, uliwaeleza habari ya moshi ule. Ulicheka uliponisimulia, nami nikacheka, kisha nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe la kufulia mpaka mama yako akaja kuniuliza kama nimepigiwa simu ya msiba. Moshi haukuisha. Ulikwenda kwenye bati letu, ukateremka na mvua kwenye kisima, ukateremka tena bondeni kwa Mama Kulwa, na mwingine umo ndani ya mkono huu ninaoandikia. Utaona herufi zinavyopanda na kushuka, na sababu yake unaijua kuliko mimi. Sikuambii ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu kosa lile nililifanya kwa kusema haraka, na la mwaka huu nimelifanya kwa mdomo uleule, nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Likizo ya mwaka jana ulinipeleka bondeni asubuhi. Mama Kulwa alikuwa anamwagilia mchicha, akatusalimu, akatuacha na mambo yetu. Mjane yule alikuamini tangu siku ya kwanza ulipokwenda kumwomba ruhusa ya kuchota matope kwenye mfereji wake. Watoto wake pacha, Kulwa na Doto, walikucheka, lakini yeye alisema mtu aliyeomba vizuri hanyimwi matope. Ukachota maji kwa kiganja ukayamwaga juu ya jani la gimbi. Yakaviringika, yakadondoka, jani likabaki kavu. Nikakwambia hilo nimeliona tangu utoto wangu. Ukasema, "Umeliona, baba, lakini umewahi kujiuliza kwa nini?"

Sikuwahi. Basi ukanieleza kwamba juu ya jani kuna vinundu vidogo mno, kiasi kwamba upana wa unywele mmoja ungetosha kupanga vingi ajabu, na ndivyo vinavyoyakataa maji. Ukaniambia kwamba huko chuoni watu wa mimea, wa kemia, wa fizikia na wa mitambo mnakaa chumba kimoja, mnachunguza jinsi jani au kijidudu kinavyofanya kazi yake, halafu mnajaribu kuiga kwa kutengeneza vitu vya udogo huohuo. Nikakuuliza kama hamgombani. Ukasema mnagombana sana. Nikafurahi kusikia hivyo, kwa sababu na sisi mwaloni, Msukuma, Msumbwa na Mzinza, hatujawahi kuosha mchanga mmoja bila kelele.

Halafu ukachota matope, ukayainua kwenye chupa tuyaone kwenye mwanga. Ukasema humo ndani kuna viumbe wasioonekana ambao wamekaa na sumu yetu miaka yote hii, na badala ya kufa wamejifunza kuishika. Wanaikamata zebaki majini. Wanaikamata hata dhahabu iliyoyeyuka, wanaigeuza vipunje na kuvitenga ili visiwadhuru. Mkiijua siri yao mtatengeneza utando mwembamba wa kufunga kwenye ndoo, maji yapite na zebaki ibaki. Ukasema, "Nataka chujio la kwanza lije lifungwe hapa, baba, kwa Mama Kulwa." Nilielewa, Kabula. Hili nataka ulijue vizuri. Nilielewa kila ulichosema, na kosa langu halikutokana na ujinga.

Wewe ulirudi chuoni. Pamba ikavunwa, watu wakawa na nafasi, jioni tukawa tunakaa kwenye benchi la kahawa karibu na karasha langu la kusagia mawe. Siku hiyo mashine zilikuwa zimezimwa na kila neno lilikuwa linasikika. Jamaa mmoja mwenye karasha jirani akaniuliza mbele ya watu wote kama ni kweli niliuza ng'ombe ili binti yangu apelekwe chuo kikuu akajifunze kuchota matope ya mchicha. Benchi zima likacheka. Mwingine akasema pengine atarudi na shahada ya kufinyanga vyungu, wakacheka tena. Ulikuwa utani tu, na mimi huwa nautoa zaidi yao, lakini siku ile uliniingia. Nikasema, "Mwanangu amekuta dhahabu bondeni kwa Mama Kulwa. Ameiona kwa mashine za chuoni."

Nikanyamaza hapo. Nusu nyingine ya maneno nilikuwa nayo mdomoni, kwamba dhahabu hiyo hata ukiikusanya bonde zima haiwezi kufunika ncha ya sindano, na kwamba wewe hukuitafuta hiyo. Sikuisema. Kicheko kilikuwa kimekatika, watu walikuwa wananitazama kwa macho mengine, na niliupenda ule ukimya. Nililipa kahawa ya wote nikaenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyeoa.

Wewe umezaliwa huku, unajua rashi ya dhahabu inavyoanza. Hakuna anayemwita mwenzake. Mtu anapita na sululu kana kwamba anakwenda shamba, wa pili anamfuata kwa mbali, na keshokutwa kuna turubai na mama lishe ameshaweka masufuria. Wa kwanza walikuwa Kulwa na Doto, kwa sababu ardhi ni ya kwao na hawakutaka wageni wawatangulie. Waliyang'oa magimbi ya mama yao wakachimba duara, shimo la dhahabu, hapohapo penye mfereji. Ubaya ni kwamba walipata. Si nyingi, pointi chache tu za gramu, kwa sababu mvua za miaka mingi zilikuwa zimeyakokota marudio ya mwalo wa zamani, mchanga uliokwisha kuoshwa, mpaka pale chini. Ingekuwa heri wasingepata kabisa. Pointi chache zinamfunga mtu kuliko kukosa, kwa sababu anajiambia kwamba nyingine iko chini yake kidogo tu.

Walikuja watu kutoka Ushirombo, kutoka upande wa Geita, wengine mpaka Kishapu. Bustani ikaisha. Siku moja ukuta wa duara ukamwangukia Kulwa kuanzia kiunoni kwenda chini, na pacha wake akamfukua kwa mikono. Hata leo ninavyokuandikia Kulwa yuko hospitali amelala chali, na madaktari hawajamwambia mama yake kama atasimama. Mimi nilikwenda kumwona. Aliniamkia akiwa kitandani. Sikuweza kuitikia vizuri, nikajifanya nimepaliwa.

Uliporudi mwezi uliopita kutuaga, ulikwenda bondeni kabla hata hujavua viatu vya safari. Uliporejea ulikaa kwenye kiti hiki nilichokalia mimi sasa, ukaniuliza swali moja, "Baba, ulisemaje?" Nikakueleza nilivyosema na nilivyoacha. Ukasema, "Sawa." Kabula, mimi nimegombezwa na marehemu bibi yako, na mwenye shimo, na polisi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniumiza kama lile neno lako moja. Mama yako naye tangu Kulwa aumie ananiambia "chakula tayari" na "funga mlango", basi.

Kona moja tu ilikuwa imebaki. Mama Kulwa alikuwa ameikalia na kigoda chake, akimfukuza kila aliyesogea, hata Doto mwanawe, akisema hiyo ni ya Kabula mpaka aje. Ukaja, ukachota matope yako, ukajaza chupa zako, ukaziweka kwenye deli na barafu. Wote waliokuwa kwenye maduara walisimama wakakutazama. Uliniambia jioni ile kwamba viumbe hao umewafuatilia masika na kiangazi kwenye mfereji ule mmoja, kwamba umeshachota kwingine kwingi na hukupata walio kama hao, na kwamba bila chupa hizi utaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kusoma. Nikakuelewa. Kesho yake ile kona ikawa duara, na aliyelichimba ni Doto. Mama yake alikitazama kigoda chake kikiwekwa pembeni, akaondoka.

Nilikwenda bondeni nikasimama juu ya kifusi nikasema maneno yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili, kwa sauti. Nikawaambia mwanangu hatafuti dhahabu, anatafuta dawa ya maji. Walinicheka, lakini si kama kwenye benchi. Walicheka kama watu waliomkamata mtu. Mwenye karasha aje kuwaambia wachimbaji hakuna dhahabu! Jinsi nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kushuka chini. Nimerudi pale mara nyingi kuliko unavyojua, na kila nikienda naambiwa nimetaka kubaki na bonde peke yangu.

Wiki hii Doto alipanda kutoka shimoni aliponiona. Amekonda. Alinipa heshima yangu yote. Akasema, "Shikamoo baba." Nikasema, "Marahaba, Doto." Akajifuta uso, akaniuliza taratibu, bila dharau yoyote, "Baba Kabula, kama hakuna kitu, mbona anaondoka nacho?"

Nilitafuta jibu. Nilikuwa na mengi ya kweli, lakini kila moja lilimaanisha kwamba ndani ya deli kuna kitu cha thamani, na Doto akisikia hivyo angeshuka tena kabla sijamaliza. Alinisubiri kidogo, akaniomba radhi, akashika kamba akarudi chini.

Huku mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Mimi nimewahi kuwa ndani ya shimo kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua ikianza, nikiwa kijana wa umri wake. Udongo ule ukikauka unapasuka, na ukipata maji unaachia wote kwa pamoja. Nilitolewa na watu nisiowajua majina. Kulwa aliangukiwa wakati wa ukame, udongo ukiwa bado unajishikilia. Mvua ikimkuta Doto chini hakutakuwa na pacha wa kumfukua.

Ndiyo sababu nakuomba uliache deli. Najua ninachokuomba. Nakuomba ulipie mdomo wangu kwa miaka yako. Nakuomba uende kwa wale walimu mikono mitupu, waanze kukutazama kama mtu aliyeshindwa kulinda hata chupa. Na sina hakika kama itasaidia, pengine Doto atasema umezificha kwingine. Upande mwingine wa moyo wangu unataka ulichukue na ukimbie nalo, kwa sababu chujio likipatikana litawafaa watoto wengi wa huku ambao hata hawajazaliwa, na Doto ni mmoja. Nimejaribu kuwapima hivyo, wengi huku na mmoja kule. Nimeshindwa, kwa sababu wale wengi siwajui na Doto namjua. Nilimbeba siku ya ubatizo wake, akanikojolea shati.

Kama kuna kitu nimejifunza, ni hiki, na wala si kikubwa. Huko uendako utasimama mbele ya watu wengi, wengine wana kamera, wengine wana pesa za kugawa kwa wataalamu. Watapenda nusu ya kwanza ya maneno yako. Utaona nyuso zikifunguka, na utatamani kunyamaza hapohapo. Mimi nilijua ninachoacha, na niliacha kwa sababu ya raha ya dakika moja. Wewe endelea kusema hata kama nyuso zitajifunga tena. Waambie pia kile ambacho hamjakipata, na kile ambacho hakitawezekana, na mahali ulipochota na nani alikaa juu ya kigoda kukutunzia. Najua wewe si mtu wa kujisifu. Lakini hata mimi sikuwa, mpaka siku niliyochekwa.

Na jambo jingine. Usije ukafikiri

Nimesimama hapo kwa sababu mama yako ameingia. Jua limeshashuka na bado hujarudi. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniuliza, "Unamwandikia nini?" Ni swali lake la kwanza kwangu tangu Kulwa aumie. Nikamsomea pale ninapokuomba uache deli. Kabla sijamaliza akanipokonya karatasi akamalizia kusoma mwenyewe, midomo ikitembea. Kisha akakaa.

Akasema, "Usimpe hiyo. Deli halina kitu. Amelimwaga asubuhi."

Nilikuwa Ushirombo kukata tiketi yako, ndiyo maana sikujua. Amenieleza yote, na alikuwa huko nawe, kwa hiyo usimlaumu kwa kusimulia. Kwamba ulishuka bondeni ukalibeba deli mwenyewe, ukamwita Doto atoke shimoni na karai lake. Kwamba ulifungua chupa moja baada ya nyingine ukazimimina zote kwenye karai lile, ukamwambia aoshe. Akaosha kwa mikono yake mwenyewe, wote wakiwa wamezunguka, taratibu, kama anavyoosha mtu anayetaka kuona. Ulipomuuliza ameona nini, akasema, "Matope." Ukamwambia, "Ndicho nilichokuwa naondoka nacho."

Mama yako anasema Doto aliliweka karai chini. Halafu akaenda akavuta kamba yake yote kutoka shimoni, akaizungusha begani, akaelekea kwao. Wawili watatu wakamfuata. Wengine wakasema wewe ni mjanja, umeficha ya kweli mahali pengine, wakarudi chini. Hao wamo humo hadi sasa.

Nilimuuliza mama yako kwa nini hukuniambia. Amesema uliziosha chupa, ukazirudisha ndani ya deli, ukalifunga kamba upya ukalirudisha chini ya kitanda, ukamwomba nisijue mpaka utakapofika ng'ambo. Ulimwambia, "Baba akijua, atajiona yeye ndiye aliyezimwaga."

Kabula, mama yako amerudi jikoni na mimi nimelia. Nimelia kwa aibu kwanza, halafu kwa kitu kingine ambacho sikijui jina. Ulikuwa sahihi. Ni mimi niliyezimwaga, na nitaendelea kujua hivyo hata ukinikataza. Nimekaa wiki nzima nikitafuta namna ya kukuomba kitu, na wewe ulikuwa unatafuta namna ya kukitoa bila mimi kuona. Wabeja, mwanangu, asante. Sina neno kubwa kuliko hilo, la Kiswahili wala la nyumbani.

Huzuni yangu haijaondoka, na sitaki nikudanganye kwamba imeondoka. Utafika huko bila kitu, na sijui kama watakuvumilia. Sijui kama viumbe wako hurudi mahali wakishafukuzwa, hilo sikuwahi kukuuliza na nilikuwa na nafasi ya kukuuliza. Kulwa bado amelala. Mawingu bado yapo, na kuna watu chini ya ardhi bondeni kwa sababu ya maneno niliyoyasema nikinywa kahawa. Kesho basi likishaondoka nitashuka kwao. Nitasema maneno yote tena, na keshokutwa tena, wakinicheka wakinitukana, mpaka mvua ianze au watoke. Doto ameshatoka. Nikifika pale angalau nitakuwa na mtu mmoja wa kumtaja.

Barua hii sitakupa leo. Mama yako amekubali kuiweka chini ya michembe, ili uikute ukishapita Tinde, njiani kwenda Dar, na huwezi tena kushuka. Sikuichana sehemu ya mwanzo. Nimeiacha ili ujue ni kiasi gani baba yako huzunguka kabla hajasema jambo, na ili uone kwamba ningekuomba, na kwamba ulinitangulia.

Nasikia sauti yako uani unamwambia mama yako kwamba Mama Kulwa amekufunga kitenge. Basi naharakisha. Kesho asubuhi, kabla ya kutoka, nitasema deli nalibeba mimi. Utakataa, utasema ni jepesi kwako, utasema nisijichoshe na mkono wangu. Nitang'ang'ania. Nitalibeba kwa mikono miwili, kama mtu asiyejua, vile ulivyotaka, kutoka nyumbani mpaka stendi, na njiani nitalitua chini mara moja nipumzike. Watu wa stendi wanajua kwamba halina kitu, watacheka kumwona mzee anahema kwa deli tupu, na utaona aibu kwa ajili yangu bila kuweza kusema. Waache wacheke. Nitapanda ngazi za basi, nitaliweka kwenye miguu yako, na nitakwambia uliangalie lisipinduke.

Baba yako